Tulidhani ni shubiri: mmea wa kwenye ndoo uliotutia kiwewe Mpendae

Wakuu, salaam aleikum. Haya yametokea nyumbani kwangu, na chumvi sitii. Yenyewe yalivyo yananitosha.

Nakaa Mpendae, nyumba ya kupanga. Mpangaji aliyetangulia alituachia kibustani ukutani: makopo na ndoo zilizopasuka, zimejaa mimea ya majani manene yenye maji. Hatukujua jina la hata mmoja.

Isipokuwa mmoja, wa majani marefu yenye miba pembeni. Kila mgeni akiingia: "Mashaallah, mna shubiri."

Na sisi tukaamini.

Mwanangu Sule anakaribia miaka miwili. Mama mkwe wangu, Bi Time, akaja kutoka Fumba kusimamia kuachishwa kwake ziwa. Wenzangu wa Unguja mnajua: mama anapakwa shubiri kwenye ziwa, mtoto akionja ule uchungu anakinai mwenyewe.

Ni mambo ya kina mama, na mbele ya mkwe mimi sina ubavu wa kuuliza. Nikatoka nikakaa barazani.

Mara nikasikia kilio. Si kile cha kudeka, wakuu.

Naingia, midomo ya Sule imevimba, mate yanamtiririka. Mke wangu anajikuna, kifua kimekuwa chekundu. Bi Time amesimama na jani mkononi.

"Nshalionja sasa hivi," anasema. "Halina uchungu hili, linawasha tu! Shubiri gani hii?"

Tukawaosha kwa maji mengi, nikalitia lile jani kwenye mfuko, mbio hospitali.

Swali la kwanza la daktari: "Mmea gani?"

Nikalitoa lile jani mfukoni, nikamwonesha. Jina? Sijui! Daktari akasema kuna inayowasha ikapoa, na kuna mingine hatari zaidi, ndiyo maana anataka jina.

App ya simu ikanipa majina matatu tofauti. Grupu la mtaa likasema shubiri, na mmoja akanishauri nisome dua. Dua nilikuwa nasoma tangu nyumbani, ndugu yangu!

Nikampigia mwenye nyumba, akanipa namba ya yule mpangaji wa zamani. Namshukuru Mungu alipokea.

"Ule wenye mwiba mweusi nchani? Huo jamaa ya katani, bwana, nliuweka pambo. Hebu lichane jani."

Nikalichana. Nyuzi tupu, kama kamba.

"Basi ndio huo. Shubiri ipo kwenye kopo nyuma yake. Ukiikata inatoa maji ya manjano, machungu kweli kweli."

Nikamweleza daktari, akaliangalia jani, akashusha pumzi. Akasema utawasha, kisha utapoa. Wakapewa dawa.

Lakini Sule akilia hunyamazishwa na kitu kimoja tu, na ndicho hicho kilichomuumiza. Alikuwa anavuta kanga ya mama yake, mama anamzuia, wote wanalia. Bi Time anarudia, "Mie nliona miba, nkajua ndiyo." Nilishindwa kumtazama. Hasira ninazo, na mkwe ni mkwe.

Alhamdulillah wamepona, na kuachishwa tumekuahirisha. Siku ngozi ilipotulia mama yake alimwita. Sule akasogea, akaligusa ziwa kwa kidole, akakinusa, kisha akamtazama mama yake usoni.

"Njoo, mwanangu, hamna kitu."

Akanyonya. Bi Time akainuka akaenda barazani.

Funzo: si kila jani nene lenye miba ni shubiri. Likate kwanza, uone linatoa nini, na kama hulijui usimpake mtu.

Nina makopo mawili bado sijui yameota nini. Picha naweka hapo chini. Anayejua aniambie amejuaje.

Anayekisia naomba anisamehe, apite tu. Nina mtoto anayemnusa mama yake kabla ya kunyonya.