Kitunguu Saumu cha Tumati na Mkataba wa Nchi Mbili

Nilikwenda Tumati, kule Mbulu, kwa sababu ya Kirusi changu. Nilisomea udaktari wa mifugo Kishinau, mji mkuu wa Moldova, enzi ambazo Moldova na Jojia zilikuwa chini ya dola moja ya Kisovieti, na lugha ile imenikaa kichwani mpaka leo nimestaafu hapa Katesh. Wakala mmoja wa mazao wa Arusha akanipigia simu. Nchi hizo mbili ndogo, sasa kila moja na bendera yake, zinataka kushirikiana: Jojia ina bandari kwenye Bahari Nyeusi, Moldova ina kiwanda cha kukausha viungo. Wanatafuta kitunguu saumu, na habari za cha Mbulu wamezisikia. Nisikudanganye, nilifurahi. Nani mwingine Katesh angehitaji Kirusi changu?

Asubuhi tulipoondoka Katesh, wageni walikuwa wawili. Bwana Ion wa Moldova, mnene na mcheshi, ndiye aliyeruhusiwa kununua. Mama Nino wa Jojia, mwembamba mwenye sauti kavu, ndiye wa meli. Mmoja bila mwenzake hafanyi kitu. Walizungumza Kirusi, maana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

"Tunapatana kwa lugha ya bwana wetu wa zamani," Nino akaniambia.

"Hata sisi tunayo ya bwana wetu," nikamjibu, "na watoto wanachapwa kwa kutoijua."

Hakucheka.

Gendabi tulisimama kupisha ng'ombe wavuke barabara. Nilikuwa nawaonyesha mlima Hanang, mahali tope lilipoteremkia na kufunika nyumba za watu, simu ya Ion ikalia. Alijibu kwa lugha ya kwao, nami nikawa naokota neno hapa na pale. Uso ukambadilika. Akamgeukia Nino: serikali kwao imebadilika, na mikataba yote na Jojia imesimama mpaka ipitiwe upya.

"Kila mkibadilisha kiti mnatusahau!" Nino akafoka.

"Na ninyi mlipokimbilia kwa wakubwa, mlitukumbuka?"

Wakavutana hivyo, mimi katikati. Nikawakatiza. Nikawaambia kuna mkulima anaitwa Paulo, amekalia mazao yake kwa ahadi ya wakala wao, na lazima ajue sasa hivi. Ion akanisihi nisiharakishe, huenda kesho mambo yakageuka. Sikumsikiliza. Nikampigia Paulo. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Kule bondeni kwake mtandao unakuja unapotaka wenyewe.

Nikasema basi twende nikamwambie mwenyewe, tukapanda kutoka Dareda mpaka Dongobesh. Dongobesh ilikuwa siku ya mnada. Pembeni mwa soko nikamkuta mnunuzi ninayemfahamu, Hamisi, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa pale, akifunga turubai la lori lake.

"Shikamoo mama daktari."

"Marahaba. Unaelekea wapi?"

"Tumati, kwa Paulo. Nimembembeleza msimu mzima, ananiambia ana Wazungu wake. Leo ndiyo mara ya mwisho. Nikitoka hapo, silirudishi lori huku mpaka mavuno yajayo."

Nikamwambia dereva wetu akanyage mafuta.

Tumati tulifika kabla ya Hamisi. Paulo alitupokea uwanjani na mke wake na binti yao Basilisa, ambaye alikuwa amerudishwa kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada. Ndani, kitunguu saumu kilining'inia mafungu kwa mafungu mpaka kwenye kitanda cha wenyewe. Nikabonyeza kitunguu kimoja. Kilikuwa kimeanza kulegea.

"Paulo, nina neno na wewe sasa hivi."

"Mama daktari, subiri kidogo. Wazee wameshakaa."

Kumbe alikuwa amewaita wazee waombee biashara. Kwa Wairaqw wa pale, sala hiyo ndefu, slufay, haikatizwi. Mzee Bura alisimama na kibuyu cha pombe ya mtama, akaomba mvua, mifugo, watoto, kisha njia ya wageni na mazao ya Paulo, na kila alipotua watu waliitikia kwa pamoja. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. Mzee mmoja akanitazama jicho kali mpaka nikaushusha. Kibuyu kikazunguka. Ion akanywa, akaitikia na wenzake. Nino akakishika, akakaa nacho.

"Kwetu neno likisemwa juu ya kinywaji halirudi," akanong'ona kwa Kirusi. "Ion anajua. Kwao pia ni hivyo." Akakipitisha bila kunywa.

Sala ilipoisha nilimvuta Paulo nyuma ya nyumba, nikamweleza yote bila kuficha.

"Hawanunui, Paulo. Nchi zao zimegombana. Hamisi anakuja, muuzie."

Akaniuliza, "Mbona yule mnene ameitikia?"

Yarabi! Nikamwambia ameitikia kwa woga, au kwa adabu, sijui.

Lori likaingia. Hamisi akashuka, akawasalimia wazee mmoja mmoja. Paulo alikwenda mpaka mlangoni mwa lori, akasimama. Wazee walikuwa bado wamekaa, kibuyu kiko chini mbele yao.

"Muuzie baba," Basilisa akasema, waziwazi, mbele ya watu wote.

"Wazee wameombea wale," Paulo akajibu. "Niwageuke hata pombe haijakauka midomoni mwao?" Akamwambia Hamisi aende salama. Nilimfokea Ion kwa Kirusi matusi niliyojifunza bwenini Kishinau, naye akainamisha kichwa, akasema serikali yake itarudi kwenye mkataba, lazima. Basilisa aliingia ndani na hakutoka kutuaga.

Tukarudi. Stendi ya Katesh Ion na Nino walipeana mkono kama watu waliotoka msibani.

Tangu siku ile nikisikia redioni kwamba nchi fulani imeahirisha mazungumzo na nchi fulani, sioni tena meza na bendera. Naona nyumba ya watu inayonuka kitunguu kinachooza. Nimejifunza pia kwamba mkalimani anayesubiri zamu yake ya kusema huenda asiipate.

Mvua zilipokwisha, Nino alinitumia picha kwa simu. Moldova na Jojia wamesaini, mawaziri wanatabasamu. Chini yake akaandika kwamba kitunguu watachukua kwa jirani yao, ni karibu zaidi, na kwamba anaona haya. Nilikuwa bado nimeishika simu Paulo alipopiga.

"Shikamoo mama daktari. Basilisa kaona mtandaoni, wamesaini! Sasa wanakuja lini? Vilivyooza nimevitupa, lakini nimelima upya, na shamba nimeongeza."

Nikamwambia alichoandika Nino. Nikasikia jembe la mtu likigonga mawe karibu naye.

"Mzee Bura yuko hapa, ananisaidia kupalilia," akasema. "Ngoja nimpe simu, umwambie wewe."