Masaa Mawili Bila Kula

Miaka yote nilimlisha binti yangu kama mtu anayejaza gunia lililotoboka. Ana ugonjwa aliozaliwa nao, madaktari wanauita mukovisidoze. Makohozi yanakuwa mazito kama gundi, na chakula kinapita tumboni bila kumfaa. Kaka yake alikufa nao kabla hatujaujua jina. Kwa hiyo huyu nilimtilia mafuta, nikamtilia sukari, naye akala huku ananicheka.

Alipofika miaka kumi na tano akaanza kukonda. Muuguzi wa mtaani kwetu, Nyakabiga, alimchoma kidole asubuhi kabla hajala, akasema sukari iko sawa, labda mi simpikii vizuri. Hilo la mwisho sijamsamehe.

Daktari wa mapafu ndiye aliyenieleza polepole, maana shule niliishia darasa la nne. Kwa wagonjwa hawa kisukari kinaweza kujificha asubuhi. Mtoto aje na njaa, atolewe damu, anywe maji ya sukari, akae masaa mawili bila kula, atolewe tena. Alipaswa kupimwa hivyo kila mwaka tangu ana miaka kumi. Hakuna aliyeniambia.

Tulikuwa kwenye benchi tukingoja damu ya pili, akatokea wifi yangu na chai na maandazi, maana kwetu huendi hospitali mikono mitupu. Nikamwambia asimpe. Akaniuliza, mbele ya watu, kama nataka kumuua na huyu.

Binti yangu akamshika mkono shangazi yake.

"Tantine, kula we. Mi nitakuangalia tu. Lakini tafuna polepole, nisikie utamu."

Benchi zima likacheka. Wifi akafunika maandazi, akakaa, akaanza kulia. Mtoto akamlazia miguu mapajani, kichwa akaniwekea mimi.

Kisukari kilikuwepo. Nikajiona mkosaji, nikasema kuanzia leo sukari haingii nyumbani. Daktari akakataa. Ugonjwa wenyewe ndio ulioharibu kongosho, alisema. Mtoto ale vilevile, ila achomwe insulini.

"Mama, hiyo sukari yako ndiyo imemufikisha leo."

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze sindano. Kila asubuhi nampigapiga mgongo ili makohozi yatoke. Zamani mbavu zilikuwa zinagonga viganja vyangu. Siku hizi napiga nyama.