Mti wa Sita

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kalemie yote ishuke sokoni au ziwani, mimi natosheka na barza yangu, ubao wangu na watoto wa jirani wanaokuja mchana kujifunza hesabu. Nina diplome ya Serikali. Iko ukutani, ndani ya kioo, na mgeni asiyeitazama namhamishia kiti mpaka aitazame.

Halafu mwalimu mmoja mwanamke, mtu wa Moba, akahamia nyumba ya pili. Naye akatundika ubao. Kati yetu kuna ua wa matete tu, kwa hiyo nilisikia yote: watoto wakicheka. Kwenye hesabu! Kwangu hakuna aliyewahi kucheka. Mmoja mmoja wakahamia kule, na siku binti yangu mwenyewe alipobeba daftari akauzunguka ua, wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaanza kuegemea matete, eti nakagua mchwa.

"Papa," mke wangu akaniuliza, "huo mchwa leo unafundisha hesabu gani?"

Siri nikaipata: yule mama alikosea makusudi. Aliandika jibu baya, watoto wakamrukia, "Hapana, Mama mwalimu, si vile!" Basi? Kukosea tu? Hata mimi naweza.

Kesho yake nikamzuia binti yangu, nikamkalisha pamoja na wachache waliobaki, nikaandika: saba mara nane ni hamsini na nne. Nikangoja. Wakanakili, tena kwa mwandiko mzuri.

"Hamukuona kitu?"

Binti yangu akasema polepole, "Niliona, Papa. Lakini hapa mwenye kusema njo wewe, si sisi."

Mke wangu akakohoa jikoni. Hakuwa na kikohozi.

Siku chache baadaye ua ukalala chini, palepale nilipozoea kuegemea. Nikakata miti ya kuusimamisha, nikaona nitoe somo humohumo: ua wa mita kumi, mti kila baada ya mita mbili. Miti mingapi? Mitano, nikaandika mwenyewe, maana kumi kugawa kwa mbili hata mchwa wanajua.

Kidole cha binti yangu kikapanda.

"Papa, na ule wa mwanzo?"

"Mwanzo gani?"

Akaja ubaoni akachora: mti, nafasi, mti, nafasi, mpaka mwisho. Nafasi tano. Miti sita. Nikageuka kutazama miti yangu mitano pale chini. Safari hii sikuwa naigiza.

Watoto wakacheka, barzani kwangu. Ningefurahi kabisa, ila nilijua kidole kile kilijifunzia kupanda upande wa pili wa matete.

"Kesho utakosea tena, Papa?" akauliza binti yangu, macho yanang'aa.

"Njoo uone," nikamwambia. "Lakini uje mapema, kabla jirani hajaanza kukosea."