Chakula cha Akoth

Mimi ni mwanasaikolojia. Ninatafiti jinsi watoto wanavyojifunza kutaja hisia zao, na kwa kazi hiyo nina mwanasesere wa kitambaa niliyemnunua sokoni Oyugis. Anaitwa Akoth. Mtoto asiyetaka kuongea nami humweleza Akoth.

Wiki jana wazazi wa Muhuru Bay waliniita shuleni niwaeleze ninachofanya na watoto wao. Jioni kabla ya mkutano nikajirekodi kwa simu chumbani kwangu nikizungumza na Akoth, ili wapate mfano. Nikamaliza, nikasahau kuzima. Asubuhi sikujisumbua kusikiliza. Msomi kama mimi, ya nini?

Mkutanoni nikaunganisha simu na spika ambayo shule iliazima kanisani. "Akoth, leo unajisikiaje?" rekodi ikauliza. Wazazi wakaitikia kwa vichwa, nami nikajishaua mbele yao kama bibi harusi. Lakini spika ikaendelea. Sufuria ikalia. Kisha sauti yangu, bila usomi wowote, ikasema: "Sogea tule, Akoth. Nimepika tena chakula cha watu wawili. Leo pia hakuna aliyenipigia. Ukinyamaza na wewe, nitaongea na nani?"

Nikabonyeza simu kila mahali isipokuwa palipotakiwa. Hakuna aliyecheka, na mimi nilitamani wangecheka. Mama mmoja anayeuza omena akanong'ona, "Woi, nyathina, mwanangu."

Ndipo msichana mmoja aliyekuja na mzazi wake na kuketi mbele, niliyemfundisha mwenyewe kwamba Akoth husikiliza kila mtu, akainua mkono.

"Daktari, Akoth alikujibu nini?"