Kalamu Mbili kwenye Bakuli Moja

Shule niliishia darasa la nne, Likawage. Lakini leo mtu akitaka bati au saruji hapa Kilwa Masoko anaelekezwa kwangu, na sebuleni nina kabati la kioo lenye kalamu za wino za Mjerumani, za zamani, ambazo wasomi wanakuja kuzishangaa. Wenzangu wa mitandaoni huzinunua kwa mamilioni. Mimi nazipata kwa bei ya kilo ya sukari, kwenye madroo ya maduka ya Wahindi kule Lindi, wazee wakishafariki na watoto wakitaka kutupa. Kijerumani sikijui, ila kalamu nazijua. Ya kweli ukizungusha kitako chake inavuta wino yenyewe, ncha ina namba ya kiwango cha dhahabu, na tumboni kuna kidirisha cha kuonea wino uliobaki.

Basi akaja dada mmoja, binti wa marehemu mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwenye mkoba wa baba yao walikuta kalamu mbili zinazofanana. Moja mzee aliandikia kombe, zile aya za zafarani zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa. Nyingine aliachiwa na rafiki yake mwenye duka la vitambaa, hakuwahi kuigusa.

"Kaka yangu achukue yoyote," akasema. "Mimi nataka aliyoishika baba. Nitajuaje?"

"Niachie. Kesho utaijua."

Niliziangalia juani. Moja ilikuwa na kidirisha cheupe, nyingine, ya kushoto, cha rangi ya asali. Nikafurahi peke yangu, maana za asali ni adimu, sina hata moja. Nikazitia zote kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kama ninavyofanya siku zote, nikazungusha vitako, nikaenda dukani.

Niliporudi maji yalikuwa ya manjano. Nikazitoa. Vidirisha vyote vyeupe.

Nilikaa nikaziangalia. Asali imekwenda wapi? Nikazigeuza, nikazinusa, nikasoma namba, ni ileile kwenye zote mbili. Mke wangu akapita, akachungulia bakuli.

"Hiyo si zafarani, baba watoto?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiosha: zafarani ya mwalimu, si rangi ya kidirisha. Lakini kilikuwa kwenye ipi? Ya kushoto niliitoa kwanza, au niliihamisha?

Kesho yake dada akaja. Nilikuwa nimeshaamua kumnyooshea mojawapo kwa sauti ya mjuzi. Mkono ukakataa.

"Dada, nimezichanganya. Sijui."

Machozi yakamjaa machoni, akazichukua zote mbili. Kisha akamwambia mke wangu, "Wifi, nipatie sahani nyeupe na zafarani kidogo."

Akaikoroga na maji, akazijaza zote mbili. Akaanza kuandika bismillahi kwa Kiarabu, kutoka kulia. Ya kwanza ikakwaruza, ikagoma. Ya pili ikateleza mpaka mwisho bila kuinuka. Nikaiomba, nikaandika jina langu pembeni, kutoka kushoto kama tunavyoandika sisi. Ikakwaruza.

"Imezoea mkono wa baba," akasema. "Imelika upande wake."

Mimi ningeapa ni ile nyingine. Mpaka leo ningeapa.

"Na ya Mjerumani ni ipi?" akauliza, akiifunga yake kwenye pindo la khanga.

"Zote mbili."

"Basi kaka hatanung'unika. Atapita kuichukua hiyo iliyobaki."

Alipoondoka ikabaki sahani. Bismillahi haimwagwi jalalani, hilo hata asiyesoma analijua. Mke wangu akalipangusa jina langu kwa kitambaa likafutika, akamimina maji juu ya maandishi yaliyobaki, akanisogezea.

"Kunywa. Mgonjwa hapa ni wewe."

Nikanywa, macho yangu yakiwa kwenye ile kalamu iliyobaki mezani, nikijaribu kukumbuka ilikuwa ya kushoto au ya kulia.