Mtani Juu ya Kitanda

Ko, ko, ko. Mara tatu, kwa kifundo cha kidole, kwenye ukuta uliotenganisha vyumba viwili vya nyumba moja ya Kiwalani. Kwa miaka kumi na tisa Naima binti Mfaume aliamka kabla ya sauti hiyo. Alikuwa ameshaswali, ameshachochea jiko, maandazi ya kuuza yameshaanza kuumuka, na ndege ya alfajiri imeshapita juu ya bati kama inayotaka kuling'oa. Hata hivyo siku yake haikuanza mpaka ukuta ubishe hodi.

"Mzaramo! Umekufa?"

"Nife nani akuzike? Tangulia wewe, Mnyamwezi!"

"Basi lete andazi. Maiti hakai na njaa."

Aliyegonga ni Kasimiri, mzee wa Tabora, mjane kama yeye, aliyepakia mizigo stesheni ya reli miaka thelathini mpaka mabega yake yakawa na umbo la magunia. Yeye Mnyamwezi, Naima Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu misafara ya zamani iliposhuka kutoka bara hadi pwani. Mtani hukutukana asubuhi, akakunyang'anya kitoweo mchana, na ukifa atalala kaburini mwako akidai ada yake kabla hujafukiwa. Yote ruksa. Kati ya wale wawili kulikuwa na miiko mitatu tu: usikasirike, usishukuru, na usimwite mwenzio kwa jina lake. Katika miaka yote kumi na tisa Naima hakuwahi kutamka "Kasimiri", na Kasimiri hakuwahi kutamka "Naima".

Mwaka huo wa tisini na tatu ilikuja barua kutoka Maskati. Mudathir, mwana wa pekee wa Naima, alikuwa fundi umeme huko, na kwa miaka sita alikuwa akijenga nyumba Kimara, tofali kwa tofali, kwa barua na kwa kudra. Sasa aliandika: "Mama, nyumba imekwisha. Mlango umetiwa kitasa. Usihame kwa mkokoteni. Nimekuwekea kampuni, kama wanavyofanya huku. Wewe kaa, wao watabeba."

Naima aliisoma barua mara nne. Mara ya tano aliisomea maandazi. Kisha alicheka peke yake, mkono mdomoni, na unga ukabaki shavuni mpaka adhuhuri. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu alikuwa anarukaruka uani kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi. Kila aliyempita alipewa habari, hata fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ambaye hakuwa ameuliza. Kampuni! Watu wa kuvaa sare! Yeye akae, wao wabebe!

Katika shangwe hiyo akasahau mtu mmoja. Hakumficha, hapana. Kasimiri alikuwa amekwenda Pugu wiki ile kumuuguza shemeji yake, ukuta ukawa kimya, na furaha haina subira.

Jumanne akaja mtu wa kampuni. Kijana mtanashati aliyeitwa Fransis, mwenye tai, na ubao wenye kibanio cha karatasi. Kampuni yake iliitwa Shwari, ilikuwa na miezi minne tangu ianzishwe, ikiwa na lori moja jipya, na Fransis aliipenda fomu yake kama padri apendavyo misale.

"Mama, shikamoo. Kabla ya kuhamisha, tunapanga. Naorodhesha kila kitu, hali yake, na mwenyewe. Kikipotea, tunalipa. Kikivunjika, tunalipa."

"Marahaba, mwanangu. Andika. Kinu kimoja."

"Kinu changu hicho!" ilitoka sauti jikoni. Alikuwa mama Elinaza, Mpare wa chumba cha mbele, mikono imejaa mchicha.

"Chako tangu lini?"

"Tangu nilipokuazima mwaka ule wa njaa."

"Mwaka ule mie nilikuazima mbuzi ya nazi. Iko wapi?"

"Si hiyo uliyoikalia?"

Naima akainuka, akaangalia alichokalia, wote wawili wakacheka mpaka mchicha ukamwagika. Fransis alifuta kinu. Akaandika mbuzi ya nazi. Ndani ya saa moja ikabainika kuwa sufuria kubwa ya Naima iko kwa mwenye nyumba, ungo wa mwenye nyumba uko kwa Naima, na kuna jiko la mkaa ambalo hakuna aliyekumbuka lilivyoingia kwenye nyumba ile.

"Vitu vya kuvunjika?" aliuliza Fransis, jasho limefika kwenye tai.

"Mie mwenyewe. Niandike."

"Na kitanda hiki?"

Kitanda kilikuwa cha mninga, kizito, chenye kichwa kilichochongwa maua. Naima alikipapasa. "Hiki alizikiwa mama yangu na kwacho akazaliwa Mudathir. Hapana, nimechanganya. Mama alifia humu, Mudathir akazaliwa humu. Furaha hii, mwanangu, imenivuruga kauli."

Hapo ndipo Kasimiri alipotokea mlangoni, kapu la mihogo ya Pugu mkononi, kofia ya reli kichwani. Alitazama ubao. Akatazama tai.

"Nani huyu?"

"Wa kampuni!" Naima alisema, macho yakimetameta. "Jumamosi nahamia Kimara. Watanibebea kila kitu, mie nakaa tu."

Alisubiri tusi. Lilipaswa kuja. Alikuwa ameshaandaa hata jibu.

Kasimiri alivua kofia. "Hongera sana, Bi Naima," alisema. "Mungu akujaalie heri." Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa utaratibu.

Jina lake lilimpiga kama maji baridi. Bi Naima. Akasimama katikati ya chumba, na Fransis akaandika "kitanda kimoja" bila kujua kuwa kuna kitu kimeshavunjika kabla lori halijaja.

Jumatano ukuta haukugonga. Alhamisi haukugonga. Naima alipika maandazi, akafunga vikombe kwa magazeti, akakunja mapazia, lakini sikio lake moja lilikuwa limegandia pale pale. Alikwenda kumchokoza. Alimkuta anang'arisha viatu.

"Mnyamwezi, viatu hivyo unavitia rangi au unavifanyia tambiko?"

"Asante kwa kunijulia hali, Bi Naima."

Alirudi mbio, kitenge kimelegea, akamwangukia mama Elinaza jikoni. "Ameniitikia kwa adabu! Sijatukanwa siku tatu. Nimemkosea nini?"

Mama Elinaza aliweka mwiko chini. "Mwenzangu, furaha imekupofusha. Babu zake yule walibeba mizigo kutoka Ujiji mpaka pwani kwa mguu. Yeye mwenyewe alibeba stesheni mpaka akastaafu. Jirani yake ukutani anahama, anakwenda kuajiri watu wa tai wambebee! Umemkodia Mnyamwezi mpagazi. Tena kaipata habari nyuma ya fundi cherehani."

Naima akakaa juu ya mbuzi ya nazi. "Yarabi. Nikamwombe radhi?"

"Ukimwomba radhi ndiyo umemaliza. Mtani anaombwaga radhi?"

Hapo Naima akapiga hesabu. Kimara ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, na tangi la maji. Lakini akiondoka Jumamosi akiwa Bi Naima, atakuwa amehama na kila kitu isipokuwa miaka kumi na tisa. Radhi haifai. Kilichofaa ni tusi moja, kubwa, la kumtoa nyoka pangoni. Usiku ule alijilaza akilipanga, na kabla ya usingizi akaanza kucheka tena.

Jumamosi saa tatu lori lilifika likiwa safi kupita kiasi kwa barabara ya Kiwalani. Fransis alishuka na wabebaji wawili wenye ovaroli za bluu. Kitanda kilitolewa kwanza, kikapitishwa kwa ubavu ukumbini na kuwekwa nje mbele ya baraza. Wabebaji walikuwa wanahema. Naima akajishika kiuno, akaelekea dirisha la Kasimiri, akapaza sauti hadi kwa muuza mkaa:

"Mwanangu Fransis! Andika kwenye fomu: kitanda cha mninga, kizito. Bahati nzuri imekuja kampuni. Tulikuwa na Mnyamwezi mmoja humu, lakini huyo hubeba andazi tu, nalo kwa mikono miwili!"

Wabebaji wakasimama walipo. Hata jogoo mwekundu wa Naima, aliyezoea kuwikia dirisha hilo hilo, akainua mguu na kusita.

Mlango ukafunguka. Kasimiri alitoka amevaa viatu vinavyong'aa, kofia ya reli, na koti. Alipita katikati ya wabebaji, akapanda kitandani, akaketi, akakunja miguu.

"Kitanda hiki hakiendi."

"Mzee, samahani," alisema Fransis, "hiki ni cha mama."

"Mti gani huu?"

"Mninga."

"Mninga unatoka wapi?"

Fransis akaitazama fomu. "Tabora."

"Mie natoka wapi?"

Mbebaji mmoja alijibu bila kuulizwa, "Tabora!" na akaangua kicheko.

"Basi! Mti wa babu zangu. Huyu Mzaramo, kabila la kulala mchana, ameulalia miaka yote bila kuulipia. Leo anautorosha."

"Kabila la kulala mchana!" Naima alipiga kofi la furaha, na machozi yalikuwa tayari yamekaa kwenye kope. Ameniita Mzaramo. "Babu zako si ndio waliofika pwani wakaiona bahari wakauliza nani kamwaga chumvi?"

"Na nyie mkatuuzia maji yake!"

Majirani walishatoka. Vigelegele vilianzia kwa mama Elinaza. Fransis peke yake hakucheka. Alikuwa anageuza fomu mbele na nyuma. "Mama, kanuni inasema kitu kikidaiwa na watu wawili, hatupakii mpaka kuwe na barua ya balozi wa nyumba kumi."

"Balozi amesafiri, mwanangu. Huyu ni mtani wangu."

"Najua utani, mama. Hata kwetu upo. Lakini fomu haina nafasi yake."

"Iwekee nafasi. Wewe Mnyamwezi, ada yako nini?"

Kasimiri alizungusha macho, akalitazama godoro, sufuria, mapazia. Akanyoosha kidole. "Yule jogoo."

"Jogoo aliyekunyima usingizi? Utamla leo leo!"

"Simli." Kwa kitambo kidogo sauti yake ilipungua nguvu. "Nikigonga ukuta kesho, awepo wa kunijibu."

Naima aligeuka, akajifanya anamkimbiza jogoo. Alimkimbiza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi naye kwapani uso ulikuwa mkavu. Jogoo akakabidhiwa kwa mama Elinaza amtunze.

"Haya, ada umepata. Shuka."

"Nishuke? Nimeshakaa."

"Watu wanangoja!"

"Si kampuni ya kubeba? Wabebe."

Wabebaji wakatazamana. Mmoja akashika upande wa kichwa, mwingine miguuni, Fransis akavua tai akaitia mfukoni na kushika ubavu. Kitanda kikainuka, na Kasimiri juu yake, mgongo umenyooka kama sultani. Mtaa ukalipuka.

"Leo Mnyamwezi kabebwa!" Naima alipiga kelele, kajishika magoti. "Babu zako wangekuona!"

"Wananiona. Wamechoka, wamenituma nipumzike kwa niaba yao!"

Alikwenda hivyo hivyo hadi Kimara, juu ya kitanda ndani ya lori, akiwapungia watu wa Ubungo. Naima alikaa mbele na dereva, msahafu na pakiti ya chumvi mapajani, maana hivyo ndivyo vinavyotangulia kuingia nyumba mpya. Kila lori lilipopiga tuta alisikia nyuma sauti ikilaani madereva wa pwani, naye akacheka kila mara.

Nyumba ilinukia chokaa. Naima aliingia kwa mguu wa kulia, akaweka msahafu, akanyunyiza chumvi pembeni. Fransis alisoma orodha kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwepo, pamoja na ungo wa mwenye nyumba uliojipenyeza. Alipofika mwisho alikohoa kidogo. Kwa mwandiko mzuri alikuwa ameongeza mstari: "Mtani mmoja, mzima, hana mkwaruzo. Arudishwe alikotoka."

"Umeiwekea nafasi," alisema Naima.

"Nimeiwekea, mama. Tia saini hapa."

Kasimiri alikuwa chumbani akiwaelekeza wabebaji. Hakuridhika na dirishani wala mlangoni. Alikisogeza kitanda mwenyewe, bega moja, mpaka kikagusa ukuta wa nyuma. Kisha akakunja kidole. Ko, ko, ko. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na shamba la mihogo na upepo.

"Ukuta mzuri," alisema. "Mnene. Jumapili ijayo nakuja kuchukua kitanda changu."

"Njoo na mkokoteni, Mnyamwezi. Nikuone unavyousukuma."

"Na andazi liwe moto, Mzaramo."

Lori lilishuka kilima, kofia ya reli ikiyumba juu ya ubavu wake hadi ikapotea kwenye kona ya barabara ya Morogoro. Naima alisubiri mngurumo ufifie kabisa, asije akasikiwa. Kisha akaingia, akakaa kitandani, akaweka kiganja ukutani pale kidole kilipogonga.

"Asante, Kasimiri," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata ukuta ulilazimika kuisogelea.