Nilivyokula nyama ya Kibrazili Dubai na mjomba wa mchumba wangu hadi tukashindwa kusimama

Wakuu, poleni na majukumu. Ninachosimulia kimenikuta mwenyewe. Mtakaosema ni chai, leteni na vitafunwa kabisa.

Mimi ni Mbongo, nalinda ghala moja huku Dubai, upande wa freezone, mwaka wa nne sasa.

Nina mchumba nyumbani, Neema. Baba yake alishafariki, aliyemlea ni mjomba wake, mzee Elia, muuza spea za magari Makambako. Huyu mzee akisema hapana, ndoa hakuna. Na alishamwambia Neema kwamba mtu yeyote anamjua akila naye mara moja tu.

Mwaka jana mzee akaja Dubai kufuata mzigo. Nikajua usaili umefika.

Nikaomba off. Asubuhi nikampeleka kuona lile ghorofa refu kuliko yote duniani. Akaliangalia kama dakika moja, akauliza lifti ikiharibika watu wanashukaje, akasema twende Ras Al Khor. Kule kwenye spea used tulikaa saa tatu, anapapasa gearbox kama anachagua ndama. Utalii wetu ndio ukawa huo.

Mchana nikampeleka mgahawa wa Kibrazili. Madam mmoja wa ofisini alikuwa amenipa voucher ya kula bure watu wawili baada ya kumwokotea funguo zake. Pale wahudumu wanazunguka na mishikaki mirefu kama mapanga, wanakukatia nyama hapo hapo mezani.

Dada wa Kikenya akatupokea, akaanza kunielekeza kwa Kiingereza cha haraka huku akionyesha kikadi cha duara mezani. Sasa mimi nionekane mshamba mbele ya mzee?

Nikamkatisha: "I know, I know, no problem."

Akaenda zake. Kikadi kilikuwa kijani. Nikaweka soda yangu juu yake.

Wakuu, nyama ilikuja. Ng'ombe, kondoo, kuku, mpaka mioyo ya kuku imepangwa kwenye chuma. Mwanzoni raha tupu, mzee anasifu.

Sasa kwetu, mwenyeji haachi kula kabla ya mgeni. Ukinawa wewe kwanza, umemfukuza. Kwa hiyo nikala.

Mzee naye halegezi. AC inapuliza, sisi jasho linatutoka. Nikalegeza mkanda chini ya meza. Nikaenda chooni, sina haja yoyote, nakwenda kusimama tu ili nyama ishuke. Kurudi nikakuta sahani imejazwa upya.

"Karibu mjomba, usione haya," nikamwambia.

"Nakula, baba. Kula na wewe."

Nilianza kumchukia ng'ombe kwa dhati.

Mwisho mzee akaweka uma chini, akafumba macho.

"Kijana, hilo tumbo lako lina mwisho kweli?"

"Mjomba, mimi nakusubiri wewe."

"Unanisubiri mimi? Mimi si ndiye ninayekusubiri! Nikisusa chakula cha mtu anayetaka kuoa kwangu, si nitakuwa nimemkataa?"

Nilitaka kulia. Kumbe mzee alishanikubali zamani, anateseka tu asinivunje moyo.

Yule dada, kusikia Kiswahili chetu, akaja mbio. "Aki nyinyi! Si nilikuwa nataka kuwaambia? Hiyo card ikiwa green wanaleta tu. Mkishiba mnageuza red!"

Akainua soda yangu, akageuza kikadi. Jamaa aliyekuwa anakuja na mshikaki akakata kona hapo hapo.

Mzee akanitazama. "Ulijua?"

"Sikujua, mjomba. Niliona aibu kuuliza."

Akacheka kwa shida, ameshika ubavu. Tulikaa pale karibu saa nzima ndipo tukaweza kunyanyuka.

Mwezi uliopita mshenga wangu akaenda kwao Neema kwa ajili ya posa. Anasema wazee walianza kuongeza vitu: blanketi la bibi, koti la babu, shangazi watatu wakajitokeza nao wanataka vitenge. Ndipo mzee Elia akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikadi cha duara, akakilaza mezani upande mwekundu juu.

"Jamani, tumeshiba."

Siku ile mgahawani sikuwa hata nimemwona akikichukua.

Funzo langu: usichokijua, uliza, hata kama mkwe anakuangalia. Mliowahi kula na wakwe, leteni yaliyowakuta. Ila picha za nyama msiniwekee, bado sijapona.